Mtani Wangu Alimtania Marehemu Mama, Nami Nikanyamaza

Bi Rukia mpendwa, shikamoo, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho maana nimekwama na sina mwingine wa kumweleza, mke wangu Esta alishasema lake na hataki kulirudia.

Mimi ni mkulima wa chai hapa Mponde, nina mke na watoto, na ukikutana nami asubuhi na kofia yangu ya sufu na kikapu cha majani mgongoni huwezi kuamini kwamba zamani nilikuwa msanii wa hip hop, tena si wa kubahatisha, jina la jukwaani K-Tofa kwa sababu ubatizo ni Kristofa, na vijana wa Soni na Bumbuli wa wakati ule walikuwa wanaijua mistari yangu kuliko wanavyojua hesabu. Sikuwa peke yangu. Nilikuwa na Ismaili, Mzigua wa Korogwe, naye ndiye aliyekuwa mpinzani wangu, na wewe unajua Wasambaa na Wazigua ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo sisi hatukuhitaji kutafuta ugomvi wa kuimbia, tuliukuta nyumbani. Mimi naimba kwamba kwao ni jua na njaa na bada, ule ugali wa muhogo, asubuhi mpaka jioni, yeye anajibu kwamba sisi wa milimani hatuogi kwa kuogopa baridi, mimi nachanganya Kisambaa, yeye anachanganya Kizigua, na kwa kuwa lugha zenyewe ni ndugu kila mtu pale sokoni Soni anaelewa anavyotukanwa na anacheka mpaka anashika tumbo.

Bi Rukia, zile siku zilikuwa tamu. Studio ilikuwa chumba kimoja Soni, ukutani trei za mayai, umeme ukikatika tunakaa tunangoja huku tunachoma mahindi, redio walitupiga mara moja tu tukasherehekea kama tumeoa, na nyimbo zetu zilisafiri kwa kaseti na sidii za kunakili mkono kwa mkono. Ismaili alikuwa akipanda kutoka Korogwe mwezi wa saba anatetemeka meno, anashindwa kuimba, na marehemu mama yangu, Efrazia, ndiye aliyekuwa anamfunika kitenge chake na kumkalisha jikoni karibu na moto, halafu anampikia bada, mama yangu Msambaa ambaye hakuwa anaipenda hata harufu yake, alikuwa anaagiza unga wa muhogo kutoka bondeni kwa ajili ya huyo Mzigua mmoja. Alikuwa anamwita "mume wangu mdogo". Tulipoacha muziki kila mtu akaenda na maisha yake, yeye akawa mshereheshaji wa harusi kule Korogwe, mimi nikarudi kwenye chai, lakini hakuna sikukuu iliyopita hajapiga simu kuniuliza kama nimeoga.

Mwaka huu baada ya Pasaka mama akafariki. Ismaili alipanda siku ile ile. Kaburini alifanya kazi yake ya utani, akashika jembe akakataa kulitoa, akaziba njia, watu wakaanza kucheka katikati ya kilio, halafu akasimama pembeni ya kaburi akachana, bila biti, tarumbeta za kanisa zimenyamaza:

Leo Efrazia kaoga, tena kaogeshwa kwa nguvu,
miaka yote Mponde alisingizia baridi na ukungu.
Chai kalima yeye, kuni kabeba yeye,
Mzigua nimekuja na njaa, nani atanipikia…

Hapo akashindwa. Alipiga magoti kwenye udongo akalia kama mtoto, na ni mimi niliyemalizia mstari, nikasema "kama yeye", tukashikana pale, mchungaji akatusubiri.

Sasa kuna kijana anaitwa Nassoro, ana studio yake Lushoto nyuma ya duka la pembejeo, anawarekodi vijana wa huku wasio na meneja wala kampuni, na kwa kweli ana moyo, vijana wanaimba mambo ya kwao kwa lafudhi ya kwao, wanajitangaza wenyewe kwenye simu, nikiwaona najiona. Alikuwepo msibani akarekodi. Akarusha mtandaoni ile mistari miwili ya kwanza tu, ya kuoga na kuogeshwa, akaandika chini yake kwamba msanii mkongwe wa Korogwe amemdhalilisha marehemu mama wa K-Tofa mbele ya jeneza. Watu wasiojua utani, wa Mwanza, wa Mbeya, wa Dar, wakamshukia Ismaili kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Nilipomwuliza Nassoro akaniambia, "Shikamoo mzee wangu, tulia, hii ni bifu, na bifu ndiyo inayouza siku hizi. Usikanushe. Wewe kaa kimya tu."

Nikakaa kimya. Mwanzoni nilijidanganya kwamba ni msiba, sina nguvu. Lakini ukweli, Bi Rukia, nyimbo zangu za zamani zikaanza kusikilizwa tena, nikishuka Soni watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wananiita K-Tofa, mwenye genge ananikatalia nisilipe, na siku moja nikasikia sauti yangu ya ujana inatoka kwenye simu ya mtu nisiyemjua, nikasimama barabarani machozi yananitoka, nikaona kama zile siku zimerudi kunichukua. Nilijisikia vizuri, siwezi kukudanganya. Huku nyuma Ismaili anapoteza kazi, harusi tatu zimemkataa, wanasema hawamtaki mtu anayetukana maiti. Ameniandikia ujumbe mmoja tu: "Msambaa, umenyamaza?" Sijajibu mpaka leo.

Mwisho wa mwezi kuna tamasha la wasanii wa milimani pale Lushoto, Nassoro anataka nipande na wimbo mpya wa kumjibu Ismaili, na tumeshaurekodi, ndani yake ninamwita mtu asiye na utu. Kiitikio alikuwa akiimbe Hidaya, binti wa kijiji cha Mnazi, ambaye kwa maoni yangu ndiye atakayetuzidi wote, lakini alipousikiliza akavua hedifoni akaniuliza, "Mjomba, huyu si ndiye yule aliyekuwa analia? Mbona Nassoro ana video nzima kwenye kompyuta?" Akakataa kuimba, akaondoka. Esta naye alisema, "Siku ukiutoa huo wimbo, usiniimbie mimi jikoni," na tangu hapo kimya.

Nassoro ananiambia nafasi hii haitarudi, na mimi kwa umri wangu najua ni kweli. Nikiutoa wimbo nitarudi kwenye muziki niliouota maisha yangu yote, nisipoutoa nitarudi kwenye kikapu cha chai na Ismaili labda hatanisamehe hata hivyo. Nifanye nini?

K-Tofa, Mponde

BI RUKIA ANAJIBU

Marahaba, K-Tofa. Pole kwa kufiwa na mama. Mama anayempikia mgeni chakula ambacho yeye mwenyewe hakipendi harufu, huyo umepoteza kweli, na sishangai kwamba kichwa chako hakijatulia. Pole imekwisha. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Mimi mzaliwa wa Pangani, nimeolewa Handeni kwa Wazigua. Tulipomzika baba mkwe, Msambaa mmoja alishuka kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, na marehemu asogee kidogo wapate kulala wote. Tulimpa jogoo wake. Alipotoka alilia kuliko sisi wenye baba. Hapo wifi zangu, ambao walikuwa hawajala chochote tangu msiba uingie, ndipo walipocheka, na baada ya kucheka wakaweza kula. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na wewe huhitaji mimi nikufundishe, umeikuta nyumbani na umeiishi miaka yote ya ujana wako. Mtu wa Mwanza aliyeona mistari miwili kwenye simu ana udhuru wa kutojua. Wewe udhuru wako ni upi?

Ismaili alipanda mlima siku ile ile. Alikuchekeshea wafiwa wako, alimlilia mama yako kwa magoti, na malipo yake ni kwamba leo hapati harusi ya kusherehesha kwa sababu wewe unafurahia kuitwa jina la jukwaani na watoto wa Soni. Nalisema wazi kwa sababu wewe mwenyewe umeliandika wazi, na hilo nakusifu. Wengi huniandikia wakijifunika.

Kuhusu zile siku zako tamu, usidhani nakucheka. Hata mimi nikisikia wimbo wa ujana wangu redioni naacha chungu kiungue. Lakini soma tena barua yako. Kila unachokikumbuka, Ismaili yumo: soko la Soni, umeme kukatika, mahindi, kitenge cha mama. Jukwaa umelitaja kwa haraka, Ismaili umemwandika kwa mapenzi. Unachokililia ni mtu, baba, na mtu mwenyewe mzima, anapumua, yuko Korogwe, alikuandikia akakuuliza swali, na wewe ndiye uliyemfungia mlango.

Huo wimbo usitoke. Mwambie Nassoro aufute mbele yako, na umwambie kwa upole, maana kijana ana kazi nzuri anayoifanya na vijana wa milimani wanamhitaji. Ila amejifunza kutangaza kabla hajajifunza msiba. Wasanii wasio na kampuni nyuma yao wana kitu kimoja tu ambacho wenye makampuni hawana, nacho ni kwamba wanajulikana kwao, watu wanajua mama yake fulani ni nani na alizikwa wapi. Nassoro akikiuza hicho kwa uongo wa wiki mbili, mwakani vijana wake wataimba nini? Mwambie hayo yametoka kwa bibi mmoja wa Tanga asiyejua biti ni nini.

Kisha shuka Korogwe. Usipige simu, usitume mtu, usiandike ujumbe mrefu wenye maneno ya kanisani. Nenda mwenyewe, Jumamosi hii. Chukua jogoo, maana nina hakika katika msiba ule hakuna aliyekumbuka kumpa mtani haki yake, na chukua majani ya chai uliyoyachuma wewe. Ukifika mlangoni usianze na pole wala samahani. Mwache akutukane kwanza. Atakutukana kwa kweli, si kwa utani, na itauma, nawe utavumilia bila kujitetea. Akimaliza ndipo useme ulichokosea, kwa sentensi fupi, bila kumtaja Nassoro. Kama hatakusamehe siku hiyo, mwachie jogoo urudi Mponde, na Jumamosi inayofuata ushuke tena.

Ukitoka kwake, ndipo uchukue ile video nzima kwa Nassoro, uirushe kwa jina lako na uso wako, mpaka pale ulipomalizia mstari. Waeleze watu utani ni nini. Utapoteza baadhi ya wanaokushangilia, waache waende. Na zile harusi tatu, wewe ndiye utakayezipigia simu, moja moja, uwaambie wenyewe kwamba mama aliyeimbiwa alikuwa mama yako na kwamba hakuna heshima kubwa kuliko ile aliyopewa.

Tamasha la Lushoto nenda. Sikukatazi kuimba, umri si ugonjwa. Ismaili akikubali, pandeni wawili, mtukanane kama zamani, na Hidaya akae katikati yenu ashike kipaza sauti kikubwa, kwa sababu yeye peke yake kwenye ile studio alijua la kukataa. Vijana wa huko wakaone kwamba watu wanaweza kushindana kwa maneno miaka mingi na bado mmoja akamlilia mama wa mwenzake. Ismaili asipokubali, panda uimbe wimbo wa zamani, sehemu yako tu, na inapofika sehemu yake nyamaza. Hicho ndicho kimya pekee ninachokuruhusu.

Esta usimsumbue. Akikusikia umerudi kutoka Korogwe, atasema mwenyewe.

Nimalize na jambo ambalo nadhani umelikwepa. Umemzika mama, na foleni imesogea, K-Tofa, sasa ni wewe na mimi. Siku yako ikifika, hao wa mtandaoni wataweka alama ya moyo uliovunjika, wataendelea na mengine kabla jeneza halijatoka ndani. Duniani kuna mtu mmoja tu atakayepanda Mponde kwa mvua au kwa jua, akashike jembe, akazibe njia, akawaambie watoto wako kwamba baba yao leo kaoga. Kama bado unamtaka awepo, shuka Korogwe ukamwambie.