Nilivyopiga Hodi Kijijini kwa Harjit

Wifi yangu Jasi,

Goti lako vipi, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na shemeji, presha imeshuka au bado anakula mishikaki kwa kujificha? Mie huku mzima, nakula, nalala, na ukorofi wangu haujapungua hata kidogo. Najua simu ipo, lakini mambo haya kwa simu tungegombana, ungenikatia kabla sijafika mwisho. Barua huwezi kuikata. Kaa chini, mimina chai yako, usome mpaka chini.

Siku ile ya kuondoka uliniambia maneno mazito. "Mzungu mzima na mvi zako, unakwenda kukaa peke yako kijijini Punjab, kwa watu gani? Shangazi atakurudisha upesi." Mbele yako nilicheka. Kwenye ndege nililia. Wifi, mie tangu niolewe na kaka yako ni mtu wa Temeke, Uskoti nimeshaisahau mpaka baridi yake, na Harjit alipotutoka ile nyumba ya Temeke ikawa kubwa mno kwangu. Wewe ulizaliwa Dar, hukuwahi kukanyaga huku. Yeye alitoka kijijini akiwa mtoto, na kila mwaka alikuwaga anasema, "Mwakani tunarudi, tukaishi." Mwakani yake haikufika. Nikasema basi nitakwenda mie nikaishi kwenye nyumba aliyozaliwa, na niishi kwangu, si kwa mtu. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka.

Ishu ilikuwa ufunguo. Alikuwa nao Shangazi Gurmeet, dada wa baba yenu. Wewe umemzoea kwa simu, mie sasa namjua kwa macho: mfupi, mgongo umenyooka, sauti ya kondakta. Alinipokea vizuri, tukakumbatiana, tukamlilia Harjit mpaka tukachoka. Kisha akanionyesha chumba cha juu nyumbani kwake, jirani na cha Manjit, mkwewe. "Utakaa hapa." Nikamwambia, kwa Kipunjabi changu cha jikoni nilichofundishwa na marehemu mama yenu, kwamba nashukuru sana lakini nataka kukaa kwenye nyumba ya mume wangu. Akanitazama utadhani nimemtukana.

"Mjane hakai peke yake," akasema. "Watu watasema tumemtupa mke wa Harjit."

Ufunguo akaufunga kwenye ncha ya mtandio wake, fundo kubwa, na maneno yakaishia hapo.

Lakini unanijua. Sikuishi Temeke miaka yote ile bure. Nilijua ukoo ukikukatalia, nenda kwa majirani. Nikajiandaa kwelikweli. Nilishonesha suti za Kipunjabi, nikajifunza kukaa chini bila kulalamika, na roti zangu sasa ni za duara kuliko zako, usinune. Shangazi aliniruhusu angalau nisafishe ua wa ile nyumba, maana uchafu wa ua ni aibu yake yeye. Nikafagia, nikapaka ukuta chokaa, nikabadilisha ile washa ya mpira ya bomba la mkono mpaka maji yakatoka. Mke wa fundi kama Harjit si mke wa karani, bwana! Wanaume waliopita na matrekta walipunguza mwendo wanishangae. Nikawauliza mjumbe wa nyumba kumi anakaa wapi, nikajitambulishe. Wakatazamana. Kumbe huku hakuna mjumbe. Kuna mwenyekiti wa kijiji, naye alikuwa shambani kwake na hakuwa na haja ya kunijua.

Basi nikaamua kupita nyumba kwa nyumba mwenyewe, kama anavyofanya mpangaji mwenye adabu zake. Nikajitanda khanga, nikabeba sahani ya visheti nilivyovipika kwa mkono wangu, nikasimama kwenye geti la jirani. "Hodi!" Kimya. "Hodi, hodi!" Geti liko wazi kabisa, wifi. Nawaona wanawake uani wanachambua majani ya haradali, nao wananiona. Wananitazama, nawatazama. Nikasubiri nikaribishwe, maana mtu hajakaribishwa anaingiaje? Hakuna aliyefungua mdomo. Jua linanichoma, visheti vinanielemea, nikaona haya, nikaondoka. Nyumba iliyofuata, mambo yaleyale. Iliyofuata hiyo, aliyeniitikia ni mbwa.

Nikarudi nimenuna. Nikasema moyoni, Jasi alisema kweli, hawa watu hawanitaki. Sitakuficha, siku hiyo nilitamani Kipawa, nilitamani hata kelele za ndege juu ya bati lako.

Jioni Shangazi akapanda ngazi, amewaka.

"Umetutia aibu! Kijiji kizima kinasema mke wa Harjit anaringa. Anasimama getini, hataki kukanyaga ua wa mtu, kama vile sie tunanuka!"

Aliyenifumbua macho ni Manjit, tena kwa kucheka mpaka anajishika mbavu. Huku, wifi, mchana geti halifungwi na mwanamke jirani haombi ruhusa. Anaingia tu, anavuta kitanda cha kamba, anakaa, anashika kazi anayoikuta. Anayesimama nje ni polisi, au mtu aliyekuja na ugomvi wake. Kumbe wao walikuwa wananisubiri niingie, na mie nawasubiri waseme karibu! Adabu yangu yote ya Temeke, niliyoisotea nikiwa mwali wa kizungu mbele ya mama yenu, huku ikawa tusi.

Kesho yake nikarudi. Ilikuwa kazi, usione hivi. Mguu uligoma kabisa getini. Nikapita bila neno, moyo unadunda kama nimekwenda kuiba kuku, nikavuta kigoda, nikachukua fungu la majani nikaanza kuchambua. Mwenye nyumba hakushangaa. Akanisogezea kisu, tukaendelea.

Tulipozoeana wakaniuliza, "Siku ile ulikuwa unaimba nini pale getini?" Nikawaeleza hodi. Nikawaambia kwetu hata mtu akiwa na chumba kimoja cha kupanga, hata mlango ukiwa ni pazia tu, mwenyewe ni mwenyewe. Unamwomba kwanza. Asipojibu, unageuza. Walicheka, wakaanza kupigiana hodi wenyewe kwa wenyewe kama watoto. Ila mama mmoja mtu mzima hakucheka. Alisema, "Mie tangu niolewe sijawahi kuulizwa na mtu kama aingie." Hapo wote tukarudi kwenye majani yetu.

Maneno hayo yalimfikia Shangazi, maana huku umbea una mbio kuliko bodaboda. Wanawake wakaenda kwake, wakamwambia, "Mwache akae kwake. Sie tutakuwa tunaingia na kutoka, huo upweke ataupata saa ngapi?" Siku kadhaa zikapita, fundo liko palepale, mpaka nikakata tamaa. Kisha akafungua lile fundo la mtandio kwa meno, akanipa ufunguo.

"Geti liwe wazi mchana," akasema. "Ukilifunga, nauchukua."

Mie niliyezoea nondo na makufuli nikasema ndiyo, fasta, kabla hajabadili mawazo.

Kwa hiyo nimehamia, wifi. Naandikia uani kwangu, nimejifunga blanketi, maana baridi ya huku inamliza hata mzungu. Nisalimie sana shemeji, na umwambie mishikaki aiache. Binti yangu Simran mwambie mama yake hajapotea, yuko kwa baba yake. Mpelekee Mama Mwajuma, jirani yangu wa Temeke, shikamoo yangu, na umwambie hodi aliyonifundisha imesababisha balaa bara jingine. Na Mangi wa duka la kona asimpe mtu mwingine kile kiti changu cha kungojea maziwa.

Moja nimeliweka mwisho makusudi. Asubuhi yangu ya kwanza hapa niliwasha moto, nikatundika picha ya Harjit, nikakaa na chai yangu nikalia kidogo, kwa raha na kwa uchungu, vyote pamoja. Geti liko wazi. Nikasikia ndala zinakuja, zikasimama. Kugeuka, ni Shangazi Gurmeet, mtu ambaye hakuna ua kijiji hiki asiouingia kama wake. Amesimama nje, juani, haingii. Nikadhani kuna msiba.

"Hodi!" akasema, kwa sauti ile ya kondakta.

Nisamehe, wifi, sikumwitikia upesi. Nilitaka kulisikia tena.

"Hodi!" Safari hii kwa hasira.

"Karibu, Shangazi," nikamwambia. "Karibu nyumbani kwangu."

Wifi yako mkorofi,
Mama Simran, mwenye nyumba