Nyama ya Mwaka wa Sitini na Sita

Auckland, 8 Machi 1998

Baba Yanqiu,

Salamu nyingi. Kifua kinaendeleaje? Dawa unakunywa au unaziangalia tu? Mimi nilifika salama, ila miguu ilivimba ndegeni.

Mjukuu wetu mnene huyo! Na kelele zake kama zako ukishindwa mchezo. Yanqiu na mumewe wanatoka asubuhi, wanarudi giza limeshaingia. Kutwa naongea na mtoto wa miezi mitano. Jirani akinipungia mkono, nami nampungia, basi, mazungumzo yamekwisha. Juzi nilipika kabichi ya kuchachuka kama ya kwetu. Yanqiu kafika tu mlangoni: "Mama, nyumba nzima inanuka!" Nikafungua madirisha yote.

Ruhusa yangu ya kukaa hapa inaisha Septemba, na Oktoba unatimiza sitini na sita. Mwanao anataka niiongeze. Wewe wasemaje? Ukitaka nirudi, sema.

Mama Yanqiu


Fushun, 2 Aprili 1998

Mama Yanqiu,

Hujambo? Mjukuu hajambo? Huku baridi haijaondoka, lakini mabomba ya joto yanafanya kazi. Kifua kizuri. Nakula, nalala, namfunga Mzee Meng wa ghorofa ya chini chesi kila siku mpaka kaninunia. Na raha nyingine ni kwamba hakuna wa kunigombeza nikivuta sigara ndani.

Urudi kufanya nini? Kaa huko, mtoto anakuhitaji. Mimi mtu mzima, kuchemsha tambi hakunishindi.

Babu wa huyo mnene


Auckland, 30 Agosti 1998

Baba Yanqiu,

U mzima kweli? Nimekuandikia mara mbili, kimya. Sisi wazima, mtoto keshaota meno.

Kwa vile hukusema kitu, nimeongeza ruhusa miezi sita. Yanqiu alilia kwa furaha. Nami nikalia, naye akadhani ni furaha hiyo hiyo.

Sasa nyama yako. Mwaka wa sitini na sita ni mwaka mbaya kwa mtu, wajua, na binti ndiye humletea baba nyama ili avuke, na jiaozi sitini na sita za unga zenye nyama ndani, alizozikunja kwa mkono wake. Nilipomkumbusha mwanao akasema, "Si nimtumie hela anunue?" Nikamwambia koma wewe! Nyama hiyo mtu hajinunulii. Nimemwandikia Fengzhi, binti wa Mzee Meng, ailete kwa niaba yake. Siku hiyo usitoke. Kaa ndani usikilize hodi.

Mama Yanqiu


Fushun, 20 Oktoba 1998

Mama Yanqiu,

Salamu kwenu nyote. Mimi sijambo. Nilinyamaza kwa kuwa sina jipya.

Fengzhi alikuja. Kaleta nyama nzuri yenye mafuta, imefungwa uzi mwekundu, na kina mama wote wanaoketi pale chini mlangoni waliiona. Jiaozi zilikuwa ndogo ndogo, zimekunjwa vizuri, nikazimaliza zote. Mwaka nimeuvuka. Ondoa wasiwasi.

Babu wa huyo mnene


Auckland, 19 Novemba 1998

Baba Yanqiu,

Nakusalimu, lakini leo sina maneno mengi.

Fengzhi ameniandikia kuniomba radhi. Barua yangu ilizunguka, ikamfikia siku yako imeshapita. Walihamia Shenyang yeye na baba yake wiki ile ile niliyoondoka. Sasa nieleze, mzee wangu. Huyo unayemfunga chesi ni nani? Na nyama alileta nani?

Mama Yanqiu


Fushun, 11 Desemba 1998

Mama Yanqiu,

Kifua changu kizuri kweli. Hilo si uongo.

Chesi sichezi na mtu. Nyama nilinunua mwenyewe. Nilitokea mlango wa nyuma wa jengo kina mama wasinione, nikarudi kwa mbele nimeibeba. Nikawaambia Yanqiu katuma mtu, nimempokea kituoni. Wakanipongeza, wakasema nina bahati ya binti.

Nikapanda hadi kwetu, nikasimama nje, nikabisha hodi. Nilijiona mpumbavu, lakini nyama hiyo haiingii ndani hivi hivi. Nikabisha tena. Ndipo nikatafuta ufunguo mfukoni. Jiaozi nilizikunja mwenyewe, zikapasukia majini zote, nikazinywa kama supu.

Barua zako sikuzijibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika, mkono ulikuwa unaandika urudi, nami nikachana. Najua Yanqiu hana mwingine wa kumwachia mtoto. Najua ruhusa umeshaiongeza. Lakini huyo mtoto ana mama, ana baba. Mimi huku sina mtu.

Rudi nyumbani.

Mumeo