Kijiko cha Baruti

Kaka Wendell,

Huku Montana theluji imewahi, na yule mbwa uliyemwacha amezaa tena.

Unasema nimemdharau Baba kwa kununua mizani ya kupimia baruti tunayojazia risasi zetu hapa nyumbani, eti kijiko chake alichokitengeneza kwa ganda la risasi kilitutosha miaka yote. Cheka utakavyo. Baruti si chumvi, haionjwi. Kijiko nimekitupa mtoni, na msimu huu wa kuwinda kulungu risasi za nyumba hii nazijaza mimi.

Njoo umwulize Baba mwenyewe. Tangu risasi uliyomjazia kwa kijiko kile ilipompasulia bunduki usoni, kila nikipima hukaa kando yangu, akiisoma mizani kwa jicho lililobaki.

Dada yako asiyekuogopa,
Lorna