Mwitaliano Aliyekula kwa Baba

Mjukuu wangu Amani,

Salamu zangu zikukute na afya, na koti zito mwilini. Sisi huku Columbus tuko wazima. Mjomba wako amepata kazi ya mchana, donc sasa tunakula naye jioni. Namshukuru Mungu.

Umeniambia mlivuka daraja na wanafunzi wenzako kutoka Buffalo mpaka Kanada, mkaona kwenye mnara majina ya askari wa huko waliokufa katika vita vya dunia. Umeuliza kama watu wetu nao walikuwemo. Ndiyo. Wabeligi, waliotutawala kule Kongo, walimpeleka baba yangu mpaka Abisinia, ndiyo Ethiopia ya leo, kupigana na Waitaliano, na mdogo wake akafia huko. Baba hakupenda kuyazungumza.

Nilipokuwa msichana Uvira, alikuja fundi Mwitaliano, aliyejua Kiswahili kidogo, kutengeneza paa la kanisa. Baba alipomsikia akiongea, alimwendea moja kwa moja. Mama aliogopa, akamshika mkono.

"Ulikuwa Abisinia?" baba akamwuliza.

"Nilikuwa."

"Mulikuwa na njaa?"

"Sana, mzee. Tulikula hata majani."

Baba akasema, "Na sisi vilevile. Bon, kuja tukule."

Walikula ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, katika sahani moja. Kesho yake baba alipanda juu ya paa, akawa anampa misumari, na nikamsikia akicheka. Nilikuwa binti mkubwa tayari, lakini kicheko cha baba yangu nilikisikia siku ile kwa mara ya kwanza.

Ni mimi nyanya yako, anayekuombea.