Mkono wa Kija

Mabatini, Mwanza
19 Januari 2025

Dada yangu Wilhelmina,

Shikamoo. Vipi hali ya Nansio, na goti lako linasemaje msimu huu wa mvua? Sisi huku wazima, ila joto limetushika. Machungwa yalifika salama, na Kija alimaliza nusu ya kapu kabla sijatafuta kisu.

Ninayo habari ya mwanao, na usishtuke, ni nzuri. Unakumbuka nilikwambia wanacheza mchezo mpya shuleni, wa fimbo yenye kijiwavu kichwani? Unaitwa lakrosi. Wanadaka mpira kwa kile kijiwavu, wanakimbia nao, wanaurusha golini. Basi Kija ana mbio, dada! Watu wanasimama barabarani kumtazama. Na kumbe vyuo vya Marekani vinawatafuta wasichana wanaoujua mchezo huu, vinawasomesha bure kabisa mpaka wamalize.

Sasa klabu mbili zinamtaka. Moja ni Malkia wa Ziwa, ya kocha Chenge. Wana basi, wana jezi zinazong'aa, na ofisini kwake kuna picha kubwa ya wasichana wake uwanja wa ndege na mabegi, wanacheka mpaka jino la mwisho. Nyingine ni Klabu ya Mawe, ya Mehreen, binti wa mzee Amirali mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hawa hawana basi. Wanafanyia mazoezi kwenye kiwanja cha vumbi kule Nyegezi.

Siku ya Sabasaba walimu wa michezo kutoka vyuo viwili vya huko watakuja kutazama, na msichana anacheza na klabu moja tu. Kija yuko kidato cha tatu, na mwakani ni mitihani, hakuna kucheza. Nafasi yake ni hii. Mtoto ni wako, uamue wewe.

Mdogo wako,
Paskazia

* * *

Nansio, Ukerewe
2 Februari 2025

Paskazia,

Marahaba. Goti linauma, asante. Barua yako imefika ikiwa gundi imelegea pembeni. Muulize Yakobo wa kwenye meli alikuwa anatafuta nini ndani. Hii yangu nimeipiga utepe pande zote, ukiikuta imechanika uniambie. Na usinipigie simu kwa mambo haya. Simu yangu ikiita, nyumba tatu zinaitika.

Bure? Bure ya wapi hiyo? Mimi siyo wa jana, Paskazia. Mzungu avuke bahari aje amchukue mwanangu kwa sababu anakimbia na fimbo? Mbuzi wangu pia wanakimbia.

Hao wasichana wa kwenye picha wanaitwa nani? Ni watoto wa nani? Umemuona mama wa hata mmoja akakwambia kwa mdomo wake, mwanangu yuko huko, jana tumeongea? Na huyo binti wa Amirali anatafuta nini vumbini, wakati kwao wana duka la ghorofa? Mtu anayejichosha hivyo ana lake jambo. Nenda ukawapekue wote wawili, halafu uniandikie ulichokiona, siyo ulichoambiwa.

Na mkono wake vipi? Usijisahau. Kitenge nilimfungia ule wa kushoto tangu anaanza kula mwenyewe, mpaka akanyooka. Sitaki nisikie mjini ameanza kumpokea mtu kitu kwa kushoto, watu wakasema hakulelewa.

Dada yako,
Wilhelmina

* * *

Mabatini
25 Februari 2025

Dada mpendwa,

Shikamoo. Utepe ulifika mzima, Yakobo amenusurika. Dawa ya kuchua goti nimeiweka kwenye kifurushi, upake ukiwa unalala.

Nimekwenda. Kwa Chenge nilikaribishwa soda na kiti cha mto. Nikamuuliza majina ya wasichana wa kwenye picha, akayataja fasta fasta. Nikamuuliza mama zao wako wapi. Mmoja yuko Dar, mwingine amehama, wa tatu alikuwa hapa juzi tu. Haya.

Kwa Mehreen hakuna hata kivuli cha kukaa. Yeye mwenyewe alisoma Marekani kwa mchezo huo huo. Nilimuuliza wazi wazi, unapata nini? Akasema, "Timu yetu kule ilikuwa na watu wa kila mahali, ila mtu wa ziwa hili nilikuwa peke yangu. Nilichoka kuwa peke yangu." Nikamuuliza, utampeleka Kija chuo? Akasema hawezi kuahidi chuo, anachoweza kuahidi ni kwamba ataonwa. Mimi sikuipenda hiyo. Mtu anayetaka kitu chako lazima akuahidi kidogo bwana!

Halafu dada, likatokea jambo la ajabu. Akamtazama Kija anacheza, muda mrefu. Akaniuliza, "Mama mdogo, huyu mtoto nani alimzuia mkono wa kushoto?" Nimekaa na Kija miaka mitatu, sijawahi kumwambia mtu habari ile. Amejuaje? Anasema anataka kuja kuongea na wewe mwenyewe. Jiandae.

Mdogo wako,
Paskazia

* * *

Nansio
17 Machi 2025

Paskazia,

Hatujambo. Dawa inanuka lakini inasaidia.

Wamekuja wote, kila mmoja na siku yake.

Alianza binti wa Amirali, kaja na baba yake, mzee wa watu anatembelea mkongojo. Nikawapa uji, wakanywa. Nikasema moyoni, hawa labda ni watu. Basi binti akaanza. Eti Kija anakimbia kwa mwili mmoja na kushika fimbo kwa mwili mwingine. Eti mpira ukija ghafla, mkono wa kushoto ndio unaotangulia, halafu anaurudisha kama aliyechapwa. Eti mchezaji wa kushoto ni adimu, na vyuo vinamtafuta kama dawa, kwa hiyo anaomba ruhusa yangu amfungulie mkono. Alisema hivyo hivyo, amfungulie!

Nikamwambia, kwetu mkono wa kushoto hauendi mbele za watu. Mzee Amirali akasema, "Hata kwetu, mama. Huyu Mehreen hajawahi kula kwa kushoto mbele yangu. Lakini fimbo siyo ugali." Binti akamalizia, hatamgusa Kija mpaka mama yake aseme ndiyo. Nikawasindikiza mpaka njiani. Adabu ni adabu.

Chenge alikuja Alhamisi iliyofuata. Kijana yule ana mvi, lakini alinisalimia shikamoo kabla hajavuka geti. Alikula ugali akamaliza, akanawa, akapokea machungwa yangu kwa mikono miwili na kukunja goti. Nilipomgusia habari ya mkono akasema, "Mama, adabu kwanza. Kwangu hakuna msichana wa kushoto." Huyo ndiye aliyelelewa. Mtu wa hivyo hawezi kunificha kitu.

Kija aende kwa Chenge. Nimemaliza.

Dada yako,
Wilhelmina

* * *

Mabatini
11 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Poleni na mvua. Sisi hatujambo. Nisamehe kwa ukimya, sokoni kazi zimebana, marobota ya mitumba yamekuja mengi kwa mpigo.

Kija hajambo, anafanya mazoezi, anakula vizuri. Anakusalimia sana. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mdogo wako,
Paskazia

* * *

Nansio
9 Juni 2025

Paskazia,

Salamu nitazitafuta siku nyingine.

Barua ya mistari minne! Wewe, ambaye ukipika maharage unaniandikia kurasa mbili! Nilijua kuna kitu. Nikasema ngoja, kitajileta chenyewe. Na kweli, jana simu imeita, majirani wote wapo, kumbe ni binti wa Amirali. "Mama Kija, nakushukuru sana kwa kukubali. Hutajuta."

Kukubali nini? Nimekubali lini? Nilibaki nimeshika simu kama mjinga. Nikakata.

Umeusema mdomo wangu, Paskazia. Mimi na wewe tumelala mkeka mmoja, nimekubeba mgongoni ukiwa na surua, leo unanizunguka mimi? Kwa mtoto wangu mwenyewe? Nilikuwa nawapekua makocha, kumbe wa kupekuliwa yuko nyumbani.

Andika. Na uandike yote.

Wilhelmina

* * *

Mabatini
12 Juni 2025

Dada yangu,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Ni kweli, nimekudanganya. Nilimwambia Mehreen umekubali. Yeye hajui lolote, usimlaumu.

Kija alikwenda kwa Chenge kama ulivyosema. Alicheza kwa kulia, mpira ukawa unamponyoka. Wiki ya pili akakaa benchi. Mwezi mzima akakaa benchi. Akirudi anakwenda kulala bila kula. Chenge akaniambia tusiwe na wasiwasi, siku ikifika atampanga. Nikanyamaza, kwa sababu dada amesema.

Halafu siku moja msichana akaja kibandani kwangu kuchagua sweta. Sura naijua. Namtazama, ananitazama. Ni wa kwenye ile picha, yule wa katikati mwenye mwanya! Anaitwa Queen, anashona nguo Igoma. Nikamwambia, wewe si uko Marekani? Akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, sisi tulimsindikiza kocha. Yeye ndiye aliyesafiri, alikwenda kozi ya wiki mbili. Mabegi yote yale ni yake."

Dada, mpaka leo hakuna msichana hata mmoja aliyepanda ile ndege. Wewe uliniambia nimtafute mama wa hata mmoja. Uliona sawa. Halafu mtu akapokea machungwa kwa mikono miwili, ukaacha kuuliza.

Nilitaka kukwambia. Lakini nilijua utasema mtoto arudi Nansio, mchezo basi. Nikaogopa. Ndiyo nikampeleka kwa Mehreen na kumwambia umesema ndiyo. Kija naye anaamini umesema ndiyo. Siku nilipomwambia "mama amekubali utumie kushoto," alikwenda nyuma ya nyumba akalia peke yake, halafu akarudi akala sahani mbili.

Sabasaba ni baada ya wiki tatu na siku kidogo. Ukisema hapana, nitakwenda mwenyewe kumwambia Mehreen kwamba nilidanganya, na Kija atatolewa. Nasubiri neno lako. Nakuomba dada, hasira zako zimalizie kwangu.

Mdogo wako mkosaji,
Paskazia

* * *

Nansio
10 Julai 2025

Paskazia,

Najua umesubiri. Yakobo ameniambia ulikuwa unakwenda bandarini kila meli ikiingia. Ulistahili.

Sikuandika kwa sababu nilikuja mwenyewe. Siku ya Sabasaba nilikuwa Nyegezi, nimejifunika khanga mpaka puani, nimesimama nyuma ya muuza miwa. Ulipita mbele yangu mara mbili, hukunijua. Una macho ya nini?

Nilikuja kumtoa mwanangu uwanjani kwa sikio. Nakwambia ukweli. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kumwambia binti wa Amirali mbele ya wazungu wake.

Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja wa Misungwi. Nikamuuliza, na wewe una mtoto hapa? Akasema wake yuko chuo kule Marekani mwaka wa pili, Mehreen ndiye aliyemfundisha, yeye amekuja kuwashangilia wadogo wa mwanawe kwenye timu. Nikasema moyoni, thubutu. Nikamwambia mpigie nimuone. Akampigia. Msichana akatokea kwenye kioo cha simu na shuka mabegani, kumbe huko ndiyo kwanza asubuhi, hajachana nywele. Nikamuuliza unakula nini huko, nani anakuuguza ukiumwa, na wenzako wanakuonaje. Alinijibu yote kwa Kisukuma. Nilimkagua mpaka salio la mama yake likaisha.

Nilipogeuka, Kija alikuwa ameshaingia. Fimbo iko kushoto. Mpira ukaja kwa juu, nikafumba macho kwa sababu nilijua utamponyoka. Watu wakapiga kelele. Nikafumbua, mpira uko kwenye wavu wake naye ameshafika mbali. Paskazia, mwanangu tangu mdogo anakaa na ule mkono ameukalia, hata kanisani. Siku ile hakuuficha. Aliuachia tu, na mwili wote ukaufuata. Nilijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja, sijui nikwambieje.

Lakini kilichonimaliza ni mwisho. Yule mwalimu wa chuo, mama wa kizungu mrefu mwenye kofia, alimwita, wakaongea, akampa karatasi fulani. Nikakaza macho. Kija akaiweka fimbo kwapani, akafuta mkono wa kulia kwenye sketi, akaipokea kwa kulia, na ule wa kushoto ameushikisha kiwiko, na goti amekunja. Mzungu hakuelewa kitu. Mimi nilielewa. Nililia pale pale kwenye mabua ya miwa, nikaondoka kabla hamjaniona, nikawahi meli.

Wewe bado nimekukasirikia. Usinitumie dawa ya goti, usinitumie kitu mpaka Krismasi, halafu uje mwenyewe uniombe msamaha ukiwa umekaa chini.

Mwambie Mehreen alinishukuru kwa jambo ambalo nilikuwa sijalifanya. Sasa nimelifanya. Na huyo mwalimu mzungu nataka nijue ni mama wa watoto wangapi, na wako wapi, kabla mwanangu hajapanda ndege yoyote.

Na Kija mwambie aniandikie mwenyewe. Aandike kwa mkono anaoutaka. Herufi zikipinda, nitazisoma hivyo hivyo.

Dada yako,
Wilhelmina