Programu Mbili na Arobaini ya Zaharia

Jumatatu, 13 Januari

Bwana Filimon anaondoka! Kaja asubuhi na theluji mabegani, kofia kaishika mkononi. Nikajua kuna jambo. Huyu bwana hata akila haivui.

Anahamia Uhispania kwa binti yake. Miaka ishirini na mbili amenishikia hesabu za duka. Nilikuwa nampelekea risiti kwenye mfuko wa unga, zimechafuka sukari, wala hakuwahi kununa. Mwisho wa mwezi ndiyo kwaheri. Anasema ninunue programu ya uhasibu niiweke kwenye kompyuta, hata mtoto anaiweza. Nikamwambia mtoto niliyenaye ana miaka thelathini na mmoja na yuko ughaibuni, Torino.

Nimempa mkate wa kusuka. Kakataa. Kisha kachukua miwili.

Jumanne, 14 Januari

Mwanangu Smaranda kapiga simu. Nimemweleza ya Filimon, hakunisikiliza hata robo. Yeye ana lake – programu ya malipo. Torino imejaa watu wa huku kwetu waliozika wazazi kwa simu. Wanataka koliva, ile ngano tamu ya kuombea wafu, ipikwe, ipelekwe kanisani, isomewe, na wao walipe kwa kadi hukohuko. Sasa hivi wanawapa pesa madereva wa mabasi. Wakichoka wanaagiza supermaketi, kwenye ndoo ya plastiki.

Ndoo ya plastiki! Mimi naamka saa kumi alfajiri kuchemsha ngano, navunja kokwa za jozi kwa nyundo, nakoroga na sukari, nachora msalaba juu kwa kakao kwa mkono wangu huu. Na mtu anamwombea mama yake kwa ndoo.

Nimeuliza bei. Ya malipo, lei mia nane na arobaini kwa mwaka. Ya uhasibu, mia nane na sabini. Kwenye kopo la biskuti nina mia tisa na chenji. Kwa hiyo ni moja tu, hakuna mjadala. Zote mbili mtu anaruhusiwa kujaribu bure mpaka mwisho wa mwezi. Nitajaribu zote, nione.

Bi Aglaia naye kapiga. Arobaini ya mumewe Zaharia ni Jumamosi, tarehe moja Februari. Koliva kilo nne, mikate kumi na miwili. Alasiri kaja mwenyewe, kaweka pesa taslimu mezani, hata sijamaliza kuandika oda. Nikamwambia hakuna haraka.

Jumatano, 15 Januari

Nimeanza na ya malipo. Smaranda kanielekeza kwa video, mimi nabonyeza, yeye anapiga kelele. Si ngumu. Unaandika jina la mteja, namba ya simu, kiasi. Programu inamtumia ujumbe, anabonyeza, analipa.

Nimehamisha oda zote za daftarini. Zaharia. Ekaterina. Toader mdogo. Toader mkubwa. Domnica na watoto wake wawili. Majina kumi na saba, mgongo umeniuma.

Alhamisi, 16 Januari

Torino wamelipa watatu. Watatu, kabla ya saa nne asubuhi! Nilikuwa nakanda unga, simu inalia tu dukani. Nimeangalia benki, pesa imo.

Jumatatu, 20 Januari

Kumi na nne sasa. Mmoja yuko Ujerumani, sijui habari zangu kazipata wapi.

Mchana nimefungua ile ya uhasibu. Hii ina roho ya askari. Kila jina niliandikalo inadai namba ya kitambulisho ya mteja. Nikaandika Ekaterina, nikaweka namba iliyoko kwenye cheti chake, maana binti yake aliwahi kuniachia nakala. Ikakataa. Nikajaribu Domnica. Ikakataa. Nimeifunga. Filimon aje aiangalie.

Jumatano, 22 Januari

Mkosi.

Padre Visarion kapiga simu saa tatu. Bi Aglaia amelia kanisani tangu ibada ianze. Padre kaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini, nimemfanyia nini mama wa watu. Nikasema sijamfanyia kitu. Akanisomea:

“Mpendwa Zaharia, malipo yako yamechelewa kwa siku saba. Tafadhali lipa mapema ili kuepuka usumbufu.”

Nimekaa chini juu ya gunia la unga. Nyumba ile ina simu moja tu, na ni ya Zaharia. Bi Aglaia kanipigia kwa simu hiyo, na namba niliyoandika ni hiyo. Alilipa taslimu mkononi mwangu, lakini programu haijui taslimu. Imesubiri wiki ikaanza kudai.

Na jina nimeandika la marehemu. Mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu. Majina yote kumi na saba ni ya marehemu! Sasa ningeandika la nani? Miaka yote daftari langu liko hivyo, na la mama yangu kabla yangu. Oda ya koliva ni ya aliyekufa. Ukiandika jina la aliye hai kwenye karatasi ya koliva, mwenyewe akiliona atakufukuza na ufagio, kwamba umemtakia kifo. Hata halikunipitia akilini.

Aibu. Aibu mpaka masikio yananiwaka.

Alhamisi, 23 Januari

Nimekwenda kwa Bi Aglaia. Nilidhani atanifungia mlango. Kanikaribisha, kanikalisha, kanipikia kahawa. Simu ya Zaharia iko mezani juu ya kitambaa, imechomekwa kwenye chaji, pembeni ya picha yake.

Nikaanza kuomba radhi kwa ajili ya jina. Kanikatiza.

“Jina ni lake, mwanangu. Mwandikieni tu, mimi nafurahi likitajwa. Lakini kuchelewa? Miaka hamsini na moja nimekaa na yule mzee. Hajawahi kuchelewesha pesa ya mtu. Hata ya fundi viatu.”

Nikamwambia ni mashine, haina akili, deni halipo, pesa ninayo mimi. Nikamwonyesha daftari, nimeandika imelipwa, na tarehe. Kalitazama kwa adabu, akalifunga, akanirudishia.

“Siku hizi yuko njiani,” kasema. “Anapita zile forodha za angani, moja baada ya nyingine, na kila moja anasimamishwa anaulizwa. Nimemwekea sarafu mkononi siku ya mazishi, za kutosha kulipia zote. Sasa mpaka arobaini yake, simu yake inasema anadaiwa. Akiulizwa na hilo, ajibu nini?”

Nami mume wangu nilimwekea sarafu, nikazihesabu mara mbili.

Anachotaka ni kimoja. Ujumbe uliingia kwenye simu ya Zaharia, basi na ujumbe wa kumsafisha uingie kwenye simu hiyohiyo, kwa jina lake, kabla ya Jumamosi ya arobaini. Karatasi hataki. Neno langu hataki. Nimemwahidi. Kwa roho yangu yote nimemwahidi, nikidhani ni kubonyeza tu.

Ijumaa, 24 Januari

Filimon kacheka mpaka kavua kofia – mara ya pili mwezi huu. Eti nimekuwa napeleka madai makaburini. Kisha kafuta macho, kanieleza taratibu, kama darasani. Mteja ni anayelipa. Serikali haimtambui marehemu kama mnunuzi. Ndiyo maana programu ya uhasibu ilimkataa Ekaterina, na ilifanya vizuri kumkataa. Ningekuwa na hiyo tangu mwanzo, Bi Aglaia asingelia.

“Hiyo ndiyo yako, Leontina,” kasema. “Inakuzuia usijiharibie.”

Na tarehe ishirini na tano Februari taarifa za kodi lazima ziwe zimefika. Yeye hatakuwepo. Nisipopeleka, faini. Nikipeleka makosa, faini na maswali. Kanionyesha karatasi za mwaka jana jinsi alivyozipanga, nikaona kizunguzungu. Anasema kweli, najua anasema kweli.

Jioni nimewapigia wateja wote wa hapa mjini, nikabadilisha majina na namba, nikaweka ya walio hai. Kwa Zaharia siwezi kubadilisha kitu. Dai likishatoka, linajifunga.

Jumapili, 26 Januari

Kanisani. Upande wangu wa benchi ulikuwa mtupu.

Baada ya ibada Padre kaniita pembeni. Niifute hiyo programu, la sivyo watu watakaomuuliza wapi pa kupika koliva atawaelekeza kwingine. Kasema kwa upole, na hilo ndilo lililoniumiza. Robo tatu ya kazi yangu inatoka mdomoni mwake.

Nikamwuliza, na ujumbe wa Bi Aglaia je? Kasema forodha za angani hazisomi simu. Nikamwambia amweleze hivyo yeye mwenyewe. Akaanza kutafuta miwani yake.

Jumanne, 28 Januari

Nimejaribu kufuta oda ya Zaharia. Namshukuru Mungu nilimpigia Smaranda kabla sijabonyeza. Ukifuta, programu yenyewe inamwandikia mteja: oda yako imefutwa. Arobaini yake imefutwa! Bi Aglaia angeanguka palepale.

Njia ni moja. Dai lilipwe kwa kadi, kama programu inavyotaka. Basi nikasema nitalilipa mimi kwa kadi yangu, si pesa yake ninayo? Nikabonyeza. Ikagoma. Majaribio ya bure yanaruhusu malipo ishirini tu, na ya ishirini yaliingia jana usiku kutoka Torino. Zaharia ni wa ishirini na moja.

Kumfungulia lazima ninunue mwaka mzima. Nikinunua, ya uhasibu sina.

Smaranda anafurahi, anasema si nilikuambia mama. Anadhani tunazungumzia biashara.

Alhamisi, 30 Januari

Kopo la biskuti nimelifungua mara nne leo. Halijaongezeka kitu.

Nimejipangia mambo kwa akili timamu. Upande mmoja kuna kodi, faini, Padre. Upande mwingine Torino – ishirini kwa wiki mbili, na bado wanauliza. Torino peke yake inaweza kulipia ile ya uhasibu kufikia kiangazi. Hapo katikati, Februari mpaka kiangazi, hesabu nitaziandika mwenyewe kwa mkono, na ofisi ya kodi Vaslui wanipokee nilivyo.

Filimon kaja kuaga. Masanduku yako kwenye gari. Kaziona karatasi zangu mezani akajua.

“Unanunua mwaka mzima kwa ajili ya ujumbe mmoja kwa maiti,” kasema.

Nikamwambia ni kwa ajili ya Torino.

“Torino hiyo unanidanganya mimi, au unajidanganya mwenyewe?”

Nilitaka kumjibu vikali. Nimemfungia mikate minne ya njiani, nimelia kidogo, naye kaniacha nilie. Kaniachia kikokotoo chake, namba saba haifanyi kazi vizuri.

Ijumaa, 31 Januari

Ngano ya Zaharia iko jikoni tangu alfajiri, inachemka vizuri, haijapasuka. Mikate kumi na miwili imeshatoka tanurini.

Bi Aglaia kafika saa nne kamili. Kavaa koti la kanisani. Simu ya Zaharia kaifunga kwenye leso, leso kaiweka kifuani. Nimemwekea kiti karibu na tanuri. Kakaa tu, mikono magotini, kama mtu anayesubiri zamu kwa daktari.

Nimenunua. Mbele yake. Mia nane na arobaini, kitufe kimoja, basi. Kisha nimefungua dai la Zaharia, nimeweka kadi yangu, nimebonyeza. Imekubali! Imeandika: mteja atajulishwa ndani ya dakika chache.

Tunasubiri. Naandika ili nisimtazame usoni. Yeye anadhani napiga hesabu, na kwa kweli ningepaswa kupiga hesabu. Kaniuliza kama Zaharia ataonekana amelipa yeye au nimemlipia mimi. Nimemwambia yeye. Kasema vizuri.

Imelia.

Kafungua leso taratibu. Kajaribu kusoma, herufi ni ndogo, machozi nayo. Kanipa. Nisome kwa sauti, kasema, yote, nisiruke kitu, maana kesho kaburini atamsomea neno kwa neno.

Nimesoma: “Mpendwa Zaharia, tumepokea malipo yako yote. Hudaiwi chochote.”

Kapiga ishara ya msalaba mara tatu. Kashusha pumzi, mabega yakashuka, uso wake umekuwa wa mtu mwingine kabisa. Nikadhani yameisha. Nikamrudishia simu.

Kumbe kauona. Kuna mstari mmoja zaidi chini, mfupi, ambao sikuusoma. “Karibu tena. Tunakusubiri.”

Kaweka kidole juu yake, ananiuliza hapa wanasemaje. Nimemwambia asubiri kidogo, namalizia kuandika.