Gari Lililoombewa Kabla ya Kununuliwa

Jumamosi jioni, Nyeri

Na bado sijaamua, ila mama ameshaamua.

Wiki tatu nalinganisha magari mawili, lile jeusi la Kijerumani na hili la Kijapani la rangi ya fedha. Jeusi lina nguvu na viti vya ngozi, lakini liko chini sana. Mimi mwenyewe hutoka nikishika mlango. Leo muuzaji aliniachia hili la fedha ili nilijaribu hadi nyumbani Giakanja. Nilitaka tu kujua kama tumbo la gari litagonga mawe ya njia yetu.

Kosa langu ni kumpigia mama simu kwamba nakuja na gari.

Nilimkuta langoni na wanawake watano wa kanisa, wakiimba. Nikamwambia si letu bado, ni la kujaribu.

"Ati si letu? Nyamaza kwanza, tuombe."

Wakaweka mikono juu ya boneti. Mama akatemea viganja mate kidogo, akapaka usukani, vile nyanya alivyokuwa akitubariki.

Nilikasirika, nakubali. Nilitaka kuchagua mwenyewe, hata mara moja.

Kisha mama akaingia kiti cha mbele, yeye na goti lake bovu, bila kushikwa mkono. Akapapasa mlango.

"Baba yako alikufa akienda hospitali kwa miguu," akasema. "Mungu amekumbuka."

Sikumwambia mara ya pili kwamba si letu.